Tairi la Shilingi 1,900

Ukitaka kujua mwenye pikipiki anaendeleaje na maisha, usiangalie koti lake wala helmeti. Inama uangalie tairi lake la nyuma. Mimi kwa miaka mitatu ya kwanza ningekusihi usiiname.

Kazi yangu ni kubeba mizigo ya watu hapa Nairobi. Asubuhi naichukua Kamukunji na Nyamakima: sufuria, karai, beseni za plastiki, siku nyingine jiko zima la chuma. Nafunga kwa blada, vile vipande virefu vinavyokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu, halafu nasambaza Umoja, Kayole, Pipeline, hata Githurai ikibidi. Pikipiki yangu ni Boxer 150 ya spoki, nilinunua mkononi. Tairi la mbele ni 2.75-17, la nyuma 3.00-17. Kwa muda mrefu hizo namba sikuzijua. Nilikuwa naingia dukani nasema "nipe ya Boxer, ya nyuma", na muuzaji ananipa ile anayotaka imtoke.

Tairi la pikipiki ya mzigo haliishi kama la mtu anayeenda ofisini na mkoba mgongoni. Linaishia katikati. Pembeni meno yapo, tena mengine bado yana vile vinywele vya mpira vya kutoka kiwandani, lakini katikati pamekuwa laini kama kiganja, bapa, na ukipitisha kidole unakuta ukingo mahali bapa linapokutana na meno. Ukilaza pikipiki kwenye kona inasita kwanza, halafu inaangukia upande kwa ghafla. Hiyo nilikuwa naisikia kila siku nikiingia Umoja. Nilijiambia ni mzigo.

Na kila mwezi kulikuwa na sababu. Karo. Kodi. Dada yangu kule nyumbani amepiga simu. Mwenye nyumba anabisha mlango tarehe tano, lakini tairi halibishi, linakaa tu pale nje na wewe unalipita.

Novemba 2022 nilikuwa nimebeba sufuria sita kubwa za mama mmoja mwenye hoteli Pipeline. Zilikuwa zimepangwa moja ndani ya nyingine, zimepanda nyuma yangu hadi dereva aliye nyuma hakioni kichwa changu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu saa kumi. Nimemaliza Jogoo Road, nimepita Donholm, nimeshika Outer Ring, nikasikia nyuma inacheza. Kidogo tu mara ya kwanza, kama vile lami ina mikunjo. Halafu pikipiki ikaanza kuogelea, mimi naelekeza huku, makalio yanaenda kule.

Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo. Mimi nikapiga hesabu kwamba Taj si mbali. (Jengo lenyewe la maduka lilibomolewa 2018, lakini steji bado tunaiita Taj, na nadhani wajukuu wetu wataiita Taj.) Nikaenda polepole juu ya tairi lisilo na upepo, labda nusu kilomita, sufuria zinagongana nyuma yangu kama bendi ya shule ya msingi.

Ile nusu kilomita ndiyo iliyonigharimu. Tairi likiwa na upepo linabana rimu na vyote vinazunguka pamoja. Upepo ukiisha, tairi linateleza juu ya rimu na kuiburuta tyubu iliyo ndani. Valvu haiwezi kufuata, imeshikwa kwenye tundu lake. Kwa hivyo inanyofoka kwenye shina, kama kitovu. Tundu la kuzibwa kwa kiraka cha shilingi 100 likawa tyubu ya kutupwa.

Kijana wa panja, yaani wa kuziba matairi, pale steji aliivuta tyubu nje, akaninyooshea ile valvu peke yake. "Boss, hii umeimaliza mwenyewe."

Tyubu ambayo mjini ningepata kwa 400, pale penye mvua na giza linaingia ilikuwa 600. Kazi 150. Sikubishana. Unabishana ukiwa na pahali pengine pa kwenda. Akiwa bado anafunga, simu ikalia.

"Kijana, sufuria zangu ziko wapi? Maharagwe nimeloweka tangu jana."

"Nakuja mama, niko hapa Taj tu."

"Taj ulikuwa nusu saa iliyopita."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilifika kwake saa mbili usiku. Alikuwa ameshaazima sufuria kwa jirani. Akakata mia moja kwenye pesa yangu bila kunitazama, na tangu siku hiyo mzigo wake hubebwa na mtu mwingine. Mama huyo alikuwa ananipa kazi mara mbili kwa mwezi. Kwenye daftari langu sikuandika hasara hiyo chini ya "tairi", lakini ni pale ilipostahili kuandikwa.

Jumamosi asubuhi, siku mbili baadaye, nikatoka nje nikakuta pikipiki imekalia rimu tena. Na ile tyubu ilikuwa mpya kabisa.

Ndipo nikaisukuma mpaka kwa Guka, karibu na Mutindwa. Guka ni mzee wa panja, na jina hilo tunamwita sote, Mkikuyu na asiye Mkikuyu, kwa heshima ya mvi zake. Kibanda chake ni mwavuli mmoja uliopauka, kompresa, ndoo ya kukalia wateja, karai la maji meusi, na tairi kuukuu lililotundikwa kwenye nguzo na kuandikwa PANJA kwa rangi nyeupe. Sijawahi kumwona akikimbia. Gurudumu likishatoka, vijana wengine wanaikimbilia tyubu. Guka aliiweka kando ile tyubu, akachukua kitambaa cha pamba, akakiingiza ndani ya tairi na kuanza kukizungusha polepole, kiganja chake kikifuata mzunguko kama mtu anayepangusa sufuria.

Kitambaa kikanasa.

Akatafuta hapo kwa koleo, akatoa kipande cha bati chembamba, kidogo kuliko punje ya mchele. Akakiweka kwenye kiganja changu.

"Hii ndiyo ilikutoboa ile siku ya kwanza. Yule alikuwekea tyubu mpya juu ya msumari wa zamani."

Nilijua kilikotoka. Kamukunji wanagonga mabati kutwa nzima, na vile vipande vinavyodondoka kwenye mkasi vimejaa njia yote ninapoegesha. Yaani pahali panaponilisha ndipo panaponitoboa. Na kwa nini kitambaa, siyo kidole? Akanionyesha kidole chake cha shahada, kina kovu refu. Hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo, fundi yeyote akishika tyubu mpya kabla ya kupapasa ndani ya tairi, namwambia ngoja. Wengine wanakasirika. Wakasirike.

Guka aliziba kwa 100, kisha akanionyesha kitu cha pili. Ndani ya mifereji ya tairi, pale chini kati ya meno, kuna vinundu vidogo vya mpira, na ubavuni kuna alama ya pembetatu au herufi TWI zinazokuelekeza vilipo. Meno yakiisha mpaka yakalingana na hivyo vinundu, tairi limekwisha. Kwenye langu vinundu vya katikati vilikuwa vimeshasagika navyo, na upande mmoja nyuzi nyeupe zilikuwa zinachungulia.

"Hapa hakuna tairi," alisema. "Hapa kuna nguo."

Nikaenda mjini siku hiyo hiyo nikiwa na shilingi 2,400. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, maduka ya vipuri yamebanana na kila mlango una mtu wa kukuvuta mkono. Niliulizia maduka manne. Bei zilikuwa 3,300, 3,000, 2,700, na moja 1,900. Ile ya 1,900 ilikuwa inang'aa kuliko zote. Nyeusi tii, imepakwa kitu, unaweza kujitazama. Muuzaji alinipigia ubavu kwa ngumi: "Original, bro. Sikia." Sijui nilipaswa kusikia nini. Nikalipa kwa M-Pesa, nikalivaa begani kama mkoba, nikarudi nalo kwa Guka nimejaa furaha ya mtu aliyebakiwa na shilingi 500.

Guka alilipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Ule weusi ukatoka kwenye kitambaa. Akalizungusha hadi akapata kisanduku kidogo cha mviringo ubavuni, ndani yake namba nne: 1417.

"Soma."

"Elfu moja mia nne na kumi na saba."

"Wiki ya 14, mwaka wa 2017. Hii tairi ni mzee kuliko kazi yako."

Ilikuwa kweli. Mimi nilianza kubeba mizigo mwishoni mwa 2019. Tairi hilo lilikuwa limekaa mahali fulani kwa miaka mitano na ushee, pengine juani, pengine chini ya matairi mengine mia, kabla ya kupakwa mafuta na kuuzwa kwangu. Mpira unazeeka hata usipotembea. Unakauka, unakuwa mgumu, na mgumu haushiki lami. Guka alilikunja mbele yangu, na kwenye mfereji vikaonekana vijistari vyembamba kama vya kisigino cha mtu anayetembea peku.

Nilirudi dukani Jumatatu. Muuzaji hakukataa kwamba ni la 2017. Alinielekeza tu kwenye risiti, chini kabisa, panaposema mali ikishauzwa hairudi. Duka silitaji. Maduka ya aina hiyo ni mengi, na kosa la kutosoma lilikuwa langu.

Nililifunga kwa sababu sikuwa na lingine. Kwenye ukavu lilienda vizuri tu, ndiyo maana watu wanaendelea kuyanunua. Mvua za Machi zilipoanza nikaligundua. Kwenye michoro ya kivuko cha wenda kwa miguu, ile rangi nyeupe, lilikuwa linateleza hata nikiwa nimenyooka. Mara moja Jogoo Road, karibu na Makadara, nilishika breki nyuma ya matatu na makalio ya pikipiki yakanipita upande wa kushoto, nikajikuta nimesimama kiupande katikati ya njia, mguu chini, dereva wa lori nyuma yangu akiwa ameshika honi kwa mkono mzima. Sikuanguka. Beseni mbili zilianguka, zikasagwa. Shilingi 700.

Aprili nililitoa. Miezi minne na kitu.

Nililoweka baada ya hapo lilinigharimu 3,300, na safari hii nilisoma ubavu wote kabla ya kutoa simu mfukoni. Ukubwa, 3.00-17. Kisha 50P: hiyo 50 ni namba ya mzigo, maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 190, na P ni mwendo, kilomita 150 kwa saa, ambao Boxer yangu itauona ikitupwa kutoka ndegeni. La mbele la kawaida huandikwa 41P, yaani kilo 145. Kisha 6PR, kipimo cha uimara wa tairi, ambayo watu wa dukani wanaiita "ply sita". Kisha zile namba nne za wiki na mwaka. Muuzaji alichoka na mimi. Akaleta la pili, akaleta la tatu, la tatu lilikuwa na miezi minane tu tangu kutengenezwa.

Hilo lilinifikisha Machi 2024. Miezi kumi na moja.

Sasa twende kwenye daftari. Spidomita yangu ilikufa zamani kwa hivyo nahesabu kwa miezi. Tairi la 1,900 kwa miezi minne ni 475 kwa mwezi. La 3,300 kwa miezi kumi na moja ni 300. Lakini tairi halijibadilishi lenyewe. Kila mara kuna 200 ya fundi, na kuna nusu siku ambayo sibebi kitu, kwangu hiyo ni kama 700. Ukizijumlisha, lile la bei nafuu linakula 700 kwa mwezi na lile ghali linakula kama 380. Na hapo sijaingiza beseni, wala mama wa Pipeline.

Hesabu hiyo inajulikana na kila mtu wa steji yetu. Tatizo halijawahi kuwa hesabu. Tatizo ni kwamba siku tairi linapokwisha, mfukoni kuna 2,400 na siyo 3,300, na kesho lazima utoke. Siku hizi naweka shilingi 15 kila siku ninayofanya kazi kwenye chupa, pesa ya chai. Mke wangu anaiita chupa ya mke mwenza.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori, na kwake tairi lilikuwa na jina moja, Yana. Kiwanda kilikuwa hapa hapa Nairobi. Kilifungwa 2016, na sasa matairi ya pikipiki tunayonunua mengi yanatoka India na Uchina, kwa hivyo muda wa meli na ghala unaanza kuhesabiwa kabla hujalishika. Hiyo ni sababu nyingine ya kusoma zile namba nne, na pia ni sababu ya kutomlaumu kila muuzaji.

Kufikia hapo nilikuwa najiona nimehitimu. Mtu akijiona amehitimu huwa anatafuta njia ya kuharibu kitu. Nikaamua nitakuwa nabadilisha mwenyewe.

Nilinunua leva mbili, vile vyuma vya kubandulia tairi kwenye rimu, 350 kila moja. Jumapili baada ya kanisa nikaitoa pikipiki kwenye uwanja wa ploti, nikaisimamisha kwa stendi kubwa, watoto wote wa ploti wakakusanyika, na mzee mmoja wa chumba cha chini akaleta kiti kabisa.

Kutoa si kazi. Kurudisha ndiko kuliko na maneno. Upande wa kwanza uliingia kwa mikono. Upande wa pili uliingia robo tatu, kisha ukakataa. Nikatia leva, nikatumia nguvu, ukaingia kwa mlio mtamu. Nikajaza upepo kwa pampu ya mkono, nikahesabu mipigo mia mbili, na tairi halikupanda. Leva ilikuwa imeibana tyubu dhidi ya rimu na kuikata matundu mawili yanayotazamana, kama jino la nyoka. Tyubu mpya. 400. Nikatuma mtoto dukani alete nyingine, na hiyo nikaikata pia.

"Si uende kwa fundi," alisema mzee wa kiti.

Nilienda, lakini kutazama tu. Nilimnunulia Guka chai na mandazi mawili, nikakaa kwenye ndoo yake asubuhi nzima ya Jumatatu. Kumbe siri iko chini. Katikati ya rimu kuna bonde. Ukiwa unamalizia upande wa juu, ule upande wa pili wa tairi lazima uwe umekanyagwa uingie kwenye lile bonde, hapo unapata nafasi huku, na leva inakuwa kijiko tu. Mimi nilikuwa nashindana na waya ulio ndani ya ukingo wa tairi, na ule waya haunyooki. Guka alikanyaga kwa magoti yote mawili. Alianzia mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu. Alikuwa ameitia tyubu upepo kidogo, kiasi cha kuwa na umbo, isilale bapa ikangoja kubanwa. Na maji ya sabuni kote. Leva aliitumia mara tatu, kila mara akishika kipande kidogo, upana wa vidole vitatu.

Akaangalia pia ule ukanda unaofunika vichwa vya spoki ndani ya rimu. Wangu ulikuwa umeoza, vichwa viwili vya spoki viko nje. Akakata blada, akafunga pete, akaivalisha rimu. Bure. "Hizi spoki zingekula tyubu yako kutoka ndani, halafu useme ni mimi."

Jumapili iliyofuata nilifaulu, na ploti ikapiga makofi. Niliwasha, nikatoka kwenda kuonyesha mtaa. Bampu ya kwanza nikakanyaga breki ya nyuma na kanyagio likaenda mpaka chini kama limekanyaga uji. Breki ya mbele ndiyo iliyonisaidia. Nikashuka. Fimbo ya breki ilikuwa inaning'inia. Nati yake ilikuwa bado nyumbani kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo, pamoja na pini ya ekseli, pale nilipoziweka zisipotee. Nilirudi nikisukuma, ingawa injini ilikuwa sawa. Siku hizi kifuniko kikiwa na kitu ndani, pikipiki haiwashwi. Ninafunga, naizungusha gurudumu kwa mkono, naangalia alama za pande mbili za kukazia cheni ziko sawa, nakanyaga breki mara tatu, ndipo natafuta funguo.

Je, inalipa? Leva 700, tyubu mbili 800. Shilingi 1,500 ili kuokoa 200 kila ninapobadilisha, yaani lazima nibadilishe mara nane ndipo nianze kupata faida, na tairi zuri linakaa karibu mwaka. Kwa pesa, hapana. Lakini mwaka jana saa tatu usiku Kangundo Road, mahali pasipo na taa wala mtu wa panja, nilitoa gurudumu kwa mwanga wa simu na nikafika nyumbani. Hiyo sijui niiandike safu gani.

Upepo ni jambo dogo nitakalolipita haraka, japo ndilo linaloua matairi mengi kuliko misumari. Mimi hujaza mbele PSI 25 kwenye kipimo cha upepo, nyuma 28 nikiwa mtupu na 32 nikiwa na mzigo, na napima asubuhi tairi likiwa baridi. Kupima kwa kupiga teke si kupima. Na wale wanaohamisha tairi lililochoka la nyuma kulipeleka mbele ili "limalizikie huko", Guka huwa hawajibu. Anawarudishia tairi lao tu. Nyuma likiteleza unatikisika, mbele likiteleza umeshalala.

Basi, Machi 2024 lile tairi la 3,300 likafika kwenye vinundu. Chupa ilikuwa na pesa. Nilienda mjini mchana, siyo jioni. Nilisoma ubavu. Nikapata la karibuni, 3,400. Jumapili nikatoa la zamani, nikapapasa kwa kitambaa, nikabadilisha ukanda wa spoki, nikatia tyubu upepo kidogo. Tairi lilikuwa na nukta ya manjano ubavuni, upande ulio mwepesi, nikaipeleka kwenye valvu kama inavyotakiwa. Sabuni. Magoti. Bonde. Leva mara nne. Nati ya breki, pini, cheni, breki mara tatu. Kifuniko cha Kimbo kitupu. Mzee wa kiti hakusema neno, na kutoka kwake hiyo ni sifa.

Jumatatu asubuhi nikapitia kwa Guka kuongeza upepo kwa kompresa. Kusema kweli nilipitia ili aone. Alijaza, akasikiliza valvu kwa mate kwenye kidole, akapiga ubavu kwa kiganja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kisha akachuchumaa, akakaa hapo kwa muda.

"Kijana yangu, hii pikipiki inaenda mbele ama inarudi nyuma?"

Nikainama. Ubavuni kulikuwa na mshale, mrefu kama kidole changu, wa kuonyesha tairi linazunguka upande gani. Ulikuwa unaelekea kule nilikotoka.

Nilitoa leva zangu kwenye begi. Guka alizipokea, akazigeuzageuza, akaziweka chini kwenye mchanga. Akachukua zake.